Kitunguu cha Mwalimu Velji

Enzi zetu pale Dunda, mtu mzima akibisha hodi kuomba radhi, nyumba nzima ilishtuka. Radhi ilikuwa na wakati wake. Iliombwa na anayekwenda Hija, au anayekwenda kupasuliwa, au mgonjwa anayeona siku zake zimekwisha. Ndiyo maana mwaka ule Mwalimu Velji alipopita kwa mara ya kwanza mlango hadi mlango, viganja vimekutana kifuani, akisema kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua naomba unisamehe, mtaa mzima ulimlilia. Bibi yangu alimshika mkono, hakutaka kumwachia. Jioni kina mama wakampelekea maandazi ya safari. Kesho yake asubuhi Mwalimu akafungua duka kama kawaida, akaketi nyuma ya nyuzi na vifungo vyake, na watu wakapita wakimtazama kwa haya, maana walikwisha kumuaga.

Ilibidi atueleze. Yeye alikuwa Mjaini, dini ambayo sisi tuliitia kapu moja na Uhindu, kwa kuwa kwetu kila mwenye asili ya Bara Hindi asiye Mwislamu alikuwa Banyani tu, basi. Akasema kwao kuna siku moja kila mwaka, kipupwe kinapoishia, ambayo mtu huwaomba msamaha wote anaoishi nao. Basi tukaizoea. Sisi watoto tuliipenda kuliko wakubwa, kwa sababu Mwalimu alituinamia na sisi, mmoja mmoja, tukiwa na makamasi yetu. Na ninyi wa rika langu mnajua, enzi hizo mtoto hakuombwa msamaha. Mtoto aliombwa maji ya kunywa.

Duka lake lilikuwa na harufu ya khanga mpya na udi kidogo, na baraza yake ndiyo iliyokuwa darasa letu la hesabu kila alasiri, tukitoka chuoni kusoma Kurani. Hakutoza kitu. Watoto walitoka mpaka Zinga kuja kuketi kwenye ile sakafu ya saruji, wengine na uji umekaukia midomoni. Bakora hakuwa nayo. Ukisema uongo, Mwalimu alikutazama, kisha siku ile hakula tena. Hakununa wala hakuhubiri, alifunga tu mlango wa jikoni na kuendelea kufundisha kugawanya. Bakora ya shuleni tuliisahau kabla hatujafika nyumbani, lakini njaa ya mzee yule ililala na wewe. Hata mwalimu wetu wa chuoni, mtu mkali asiyesifu ovyo, akipita pale alipunguza mwendo, akamsalimu Mwalimu kwanza.

Mambo yake tuliyacheka sana, Mungu atusamehe. Alifagia mbele ya miguu yake ili asikanyage sisimizi. Maji ya kisima aliyachuja kwa kitambaa kilichokunjwa, kisha akakirudisha kile kitambaa kisimani na kukisuuza polepole, ili vijidudu vilivyonaswa virudi kwao. Tulimwigiza nyuma yake, tukiwaaga vijidudu na kuwatakia safari njema. Jua likishazama hakutia kitu mdomoni. Na chochote kinachong'olewa ardhini na mizizi yake, iwe muhogo, kiazi, kitunguu au karoti, hakula.

Alitusimulia kwamba ujanani, ukiacha chakula, hakuwa hivyo. Alipenda viatu vya kung'aa, redio na ugomvi. Baba yake alifanya biashara ya ngozi, na siku moja alipotumwa ghalani kuzipanga, akajikuta anajiuliza kila ngozi ile aliivaa nani. Akatoka, hakurudi tena ghalani. Tangu hapo, kila mwaka baada ya ile siku ya radhi, aliacha kitu kimoja. Tuliyaona kwa macho yetu yale: mwaka huu viti vimegawiwa, mwaka ule redio, kisha kitanda. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki na watoto hawakujaliwa. Nyumba ikawa inapungua huku sisi tunakua. Mama yangu alisema biashara imemwangusha maskini Mwalimu, naye akazidisha sahani.

Maana Mama alikuwa jirani hasa. Mwezi wa Ramadhani, futari ya jirani haiulizi dini. Mwaka wa kwanza alimpelekea magimbi na viazi vitamu vya nazi, adhana ya magharibi ikilia. Yaani chakula cha mizizi, wakati jua limezama. Mwalimu akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa mlinzi wa usiku wa dukani. Mama alipojua alitamani ardhi immeze. Akabadilisha kila kitu: maboga, ndizi mbivu za nazi, kunde, na sahani ikatoka alasiri, jua bado liko juu. Aliyeibeba ni mimi, nimefunga, ulimi umekauka, harufu ya iliki inanipanda puani mpaka mlangoni kwa Mwalimu. Sahani haikurudi tupu hata siku moja. Alitia kipande cha sukari guru.

Ila kitunguu kilimshinda Mama. Alisema kunde bila kitunguu si chakula, ni adhabu, na mgeni haadhibiwi. Basi alikisaga mpaka kikawa maji, akakizamisha kwenye tui. Alifanya hivyo kwa mapenzi, akijichekea pale jikoni kama anayemfanyia mtoto dawa. Mwalimu, ambaye hakuwahi kukionja, angekijuaje? Alikula, akasifu, akatuma salamu kwa Mama Zuhura.

Siku moja barazani mwenzetu mmoja akamuuliza kwa nini hali vitunguu. Mwalimu akatueleza kwamba ukimng'oa mmea mzizi umemuua mzima, pamoja na viumbe wengi wanaoishi naye udongoni. Kisha akatabasamu kidogo.

"Mimi nimefanya mabaya mengi," alisema. "Hili peke yake sina haja ya kulitubia. Tangu nizaliwe halijapita mdomoni mwangu."

Nilifika nyumbani nikamweleza Mama vilevile kama nilivyosikia, kama mtoto anavyoeleza. Alikuwa anakoroga mchuzi. Akauweka upawa chini, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi mpaka mchuzi ukaanza kuungua. Baadaye akaniambia atamweleza mwenyewe, siku yake ya radhi ikifika. Aliona ndiyo siku inayofaa, yeye anaomba na mimi naomba, yanaisha.

Siku ilifika na nyumba yetu imejaa. Shangazi alikuwa anaolewa, uani wanawake tele, Mama yuko mbele ya karai la vitumbua na mafuta yanachemka. Mwalimu akaingia pekupeku, amevaa shuka nyeupe, akasimama penye mlango wa uani. Akasema maneno yake. Mama akamtazama, akawatazama wanawake, akayatazama mafuta. Nilikuwa karibu yake, nikaona midomo yake inaanza.

"Hakuna neno, Mwalimu," akasema. "Sisi tulishasameheana zamani."

Wanawake wakacheka, mmoja akamtania Mwalimu kwamba kwa radhi zile ataingia peponi kabla yetu. Naye akacheka. Akasimama pale kidogo zaidi ya kawaida yake, kisha akainama, akaondoka. Usiku Mama alisema asingeweza kulitoa mbele za watu, na mwakani si mbali.

Wiki ile haikuisha. Duka likafungwa, ufunguo akaachiwa mwenye nyumba, na tukasikia kwamba Mwalimu amekwenda India kuwa mtawa. Kile alichokuwa akikipunguza miaka yote kilikuwa kinaelekea huko, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Safari ya kwanza, aliyokuwa haendi popote, tulimlilia. Hii ya kweli tukamtania.

Mama hakupika kunde tena kwa kitunguu maisha yake yote. Kila aliyemsikia anasafiri kwenda Bombay kutibiwa alimpa ujumbe wa kumpelekea Mwalimu, na watu walipokea ujumbe ule kwa heshima na kutabasamu nje ya mlango. Kwa wengine lilikuwa ni kitunguu. Kwake lilikuwa haki ya mtu, na haki ya mtu, tulivyofundishwa, Mungu haisamehe mpaka mwenyewe asamehe. Mwaka juzi alipolala kitanda cha mwisho, jamaa walikuja mpaka kutoka Miono, wakaombana radhi wakalia. Wote walipotoka akanivuta. "Zuhura, bado mmoja," alisema. Nikamwambia nitamtafuta. Akafa ananitazama kwa macho ya mtu asiyeamini.

Nilimtafuta. Nilikwenda Dar, kwenye hekalu lao, nikavua viatu mlangoni. Kijana mmoja wa pale, mpole sana, akaniambia kwamba mtawa akishaingia huliacha jina lake, hupewa jingine, hutembea kwa miguu kijiji hadi kijiji na hana anwani. Kama yu hai ni mkongwe mno. Kwa jina la Velji hayupo tena mtu huyo duniani. Alipoona nimeinama akataka kunifariji. Akasema kwa mafundisho yao, mtawa kila siku husamehe viumbe wote. Nilimshukuru. Lakini Mama hakuwa viumbe wote. Mama alikuwa mtu mmoja aliyekuwa na kitunguu kimoja, na alitaka asamehewe kwa jina lake.

Siku hizi lile duka linauza makava ya simu, na pale barazani vijana wa bodaboda wameegesha, kila mmoja kainamia kioo chake. Sisimizi wanakanyagwa. Siwalaumu, hawajui pale palikaa nani, na nikiwaeleza wataniita bibi wa stori. Radhi nayo imekuwa nyepesi mno. Kila mkesha wa Ramadhani simu yangu inajaa maua na miezi michanga, "kama nimekukosea kwa kujua au kutojua nisamehe", wametumiwa watu wote kwa pamoja, hadi fundi wa bomba. Maneno ni yaleyale ya Mwalimu. Hakuna aliyesimama mlangoni.

Mwaka huu mwanangu naye amenitumia, kutoka Dar. Ua, mwezi, maneno. Nikatazama ile simu muda mrefu, nikawaza labda kuna jambo, labda yeye naye ameshindwa kulisema. Nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena. Baada ya muda akaandika, "Niko kikaoni mama, vipi?"

Nikaandika, "Hakuna neno."