Fundi Kofi na Kamera Tatu za Buzebazeba

Feliksi Sindayigaya alikuwa na dawa moja ya magonjwa yote ya dunia, nayo ni kofi. Redio ikikwama, kofi. Jenereta ikikohoa, teke, maana jenereta ina mwili mkubwa. Aliwahi kumzaba kibao mzee wa kanisa siku ya ubatizo wa mwanawe mwenyewe, eti mahubiri yamekwama. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, wakamzalia Ujiji, na Ujiji ikampa jina: Fundi Kofi. Pua yake ilishavunjwa mara tatu, na mara zote ugomvi aliuanza yeye.

Mwaka elfu mbili na kumi na sita alikuwa na kibanda cha intaneti na picha mtaani Buzebazeba, na kompyuta moja yenye kamera tatu. Moja ilikaa juu ya kioo. Ya pili ilisimama kwenye mguu wa chuma, ya kupigia picha za pasipoti. Ya tatu aliigongomea nje ukutani, itazame uani, akiwavizia wezi wa betri. Zote zilikuwa za aina moja, kwa hiyo kompyuta iliziita jina moja. Ukifungua orodha ya kuchagua kamera unakuta mistari mitatu inayofanana kama mayai ya kuku mmoja.

Feliksi akafanya kama Mrundi yeyote aliyejaliwa pacha. Kwao majina ya pacha hayaumizi kichwa: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata Butoyi, na atakayezaliwa baada yao ni Ciza. Kamera ya kwenye kioo ilichomekwa kwanza, ikawa Bukuru. Ya pasipoti Butoyi. Ya uani Ciza. Akabandika karatasi: mstari wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi, wa tatu Ciza. Kazi imekwisha. Tangu lini Bukuru akalala mkubwa akaamka mdogo?

Ndipo akaja Astérie, mwanamke wa kambi ya wakimbizi, na kibali cha siku moja cha kutoka. Mwaka uliotangulia, walipokuwa wanakimbia Burundi, watu waligombania boti kule Kagunga kama fisi na mzoga. Waliopigwa makafi walizama, na mwanawe Ella, wa miaka tisa, alitupwa kwenye boti nyingine iliyoishia Zambia. Sasa mtoto alikuwa Lusaka, kwenye ofisi ya watoto waliopotea. Walishajitokeza akina mama wanne wa uongo. Sharti likawa moja: Astérie aonekane kwenye video kabla ya saa tano asubuhi, mtoto amtambue. La sivyo Ella anaandikwa hana mzazi, anapewa familia nyingine.

Saa nne na nusu umeme ukakatika. Ukarudi saa tano kasorobo, kompyuta ikaamka na kuzipanga kamera upya, ilivyojisikia. Haikusoma karatasi.

“Tunakusikia, mama,” alisema dada wa ile ofisi ya Lusaka, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. “Ila mbona tunaona wanaume wanauana?”

Kweli. Feliksi alikuwa amechagua mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza sasa ulikuwa uani, ambako Mwinshehe muuza dagaa alikuwa anamshindilia Anatoli mchomeleaji kwa kafi, akimtuhumu kumkatia wavu. Anatoli, meno mawili pungufu, alizungusha mnyororo.

“Bukuru amerukwa na akili!” Feliksi akang’aka. Akachagua wa pili. Giza tupu: programu ya picha za pasipoti ilishaikamata kamera hiyo, na kamera ikishikwa na programu moja, nyingine inaambulia kiza.

“Fundi, jaribu huo wa tatu,” Astérie akasema.

“Mama Ella, huyo ni Ciza. Ciza yuko nje!”

“Na wa kwanza je? Si ndio uliotuonyesha nje?”

“Unanifundisha kazi?”

“Nakuomba unipe mwanangu!”

Mstari wa tatu ndio uliokuwa unamtazama Astérie usoni. Bonyezo moja tu. Lakini Feliksi alishakunja mkono. Kofi la kwanza lilimng’oa Bukuru juu ya kioo, likampasua jicho ukutani. La pili lilimkosa Butoyi, kwa hiyo akakamata ule mguu wa chuma, akampondaponda nao mezani hadi vipande vikaruka na kumchana shavu. Programu, iliyojifanya asubuhi nzima ina uchaguzi, ikabaki na mgombea mmoja, Ciza wa uani.

“Sasa wanachinjana,” dada wa Lusaka akasema. “Mama, zimebaki dakika nne.”

Astérie akamtazama Feliksi kama mtu anayetazama choo kilichofurika. “Geuza spika dirishani,” akasema, akatoka.

“Utauawa, we mama!”

“Panga lilishanishindwa.”

Alipita katikati. Mnyororo ulikuwa njiani kumtafuta Mwinshehe; ukampata yeye, paji la uso. Akapepesuka, hakuanguka. Akamsukuma Anatoli kifuani kwa mikono miwili hadi akakalia tope.

“Mana yanje, Mungu wangu!” Mwinshehe akaachama, kafi hewani. “Mama, unatafuta nini hapa?”

“Shusha hilo kafi, unanizibia.”

Akalishusha. Astérie akapanda juu ya ndoo, akafungua kilemba, akainamisha kichwa mbele ya kamera. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kovu la panga alilolijua Ella, nene kama mkia wa mjusi, limekwenda hadi kisogoni. Damu mbichi ya paji la uso ilimtiririka puani, ikadondokea ndoo.

Spika ikakoroma dirishani. Lusaka walinong’onezana. Feliksi, shavu linavuja, aliishika spika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kitu kilikwama asikipige.

“Ella,” dada akauliza, “unamjua huyu?”

Wapiganaji wawili walisimama na silaha zao kama watu walio msibani.

“Ndiye,” sauti nyembamba ikasema. “Mwambieni afunge kitambaa. Damu inamwingia jichoni.”