Jina la Mlinzi wa Paa

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja huko Uswidi, nilipokuwa nakunja shuka, mwenzangu wa mezani alikuwa mama wa Kiswidi aliyekaribia kustaafu. Wikendi zake zote zilikwisha kwenye vitabu vya zamani vya makanisa, akisaka mababu. Aliposikia kwamba mimi, Mkenya mweusi tii, nina jina la ukoo la Kiingereza, hakutulia.

Jumatatu moja, wakati wa kahawa, alinijia na karatasi. Jina langu, alisema, lilianza Uingereza katika enzi za kati: lilikuwa la mtu aliyelinda pori la paa wa bwana wake. Wanawe wakalirithi, karne baada ya karne. Alifurahi utadhani kaniokotea mkufu wa dhahabu.

"Sasa upande wenu," akasema. "Babu yako aliitwaje kabla ya hapo?"

Nikamwambia nitamwandikia baba nimuulize. Babu alipewa jina hilo na mzungu mwenye shamba, ambaye hakutaka kuumiza ulimi wake. Alimwandika kwa jina lake mwenyewe, kama alivyopiga chapa ng'ombe wake. Kwetu mjukuu hurithi jina la babu. Mimi nilirithi la mzungu, na nililichukia kila lilipoitwa ofisini. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Niliapa mtoto huyu atapata jina la kweli la babu. Jioni hiyo, nyumbani Bredäng, mtaa tuliokuwa tukiishi, nikamwandikia.

"Barua imekuja?" mwenzangu aliuliza kila siku.

Ilikuja theluji ikiyeyuka. Baba hakuzungusha maneno:

"Mwanangu, babu yako alitukataza kulitaja, akiogopa kufukuzwa shambani. Nyanya yako pekee ndiye aliyemwita hivyo, jikoni. Siku moja, nikiwa mdogo, nililitamka mbele ya mzungu. Babu yako alinichapa mpaka nikalisahau. Tangu barua yako ifike nalitafuta kichwani, silioni. Wote waliolijua wamekwisha. Nisamehe."

Nililia nimesimama, koti bado mwilini. Mzee mzima ananiomba mimi msamaha! Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo tunavyoambiana, lakini siku hiyo methali haikunisaidia kitu.

Kazini nikasema barua bado. Mtoto akazaliwa, wa kiume. Ilipoletwa fomu ya kumwandikisha, niliandika jina la ukoo la yule mzungu mwenye shamba, na mke wangu akanishika mkono, maana kalamu ilikuwa imeanza kutoboa karatasi.