Shujaa Asiyepiga Hodi

Miaka hiyo, michezo ya kompyuta iliyotengenezwa kwa programu moja ya wanaoanza kutengeneza michezo ilidharauliwa hata kabla ya kufunguliwa. Makosa yalikuwa yetu watengenezaji. Sote tulitumia nyumba zilezile, miti ileile na shujaa yuleyule mwenye nywele zilizosimama kama miiba, maana vilikuja tayari na programu.

Mchezo wangu niliutengenezea kwenye saiba ya Kitale, duka la kompyuta za kukodi, nikaupeleka Bungoma kumwonyesha binamu yangu. Hakumaliza hata dakika mbili. "Hizi zote ni moja, bana," akasema, akaenda zake.

Shangazi, mamake, alibaki akimtazama shujaa wangu akiingia nyumba ya watu na kufungua sanduku lao.

"Huyu anaingia kwa watu bila hodi? Na chai hajanywa?"

Niliudhika, lakini nikarudi Kitale nikabadilisha. Sasa kila mlango ulitaka hodi, na aliyekataa chai hakuambiwa njia ya kufikia joka.

Binamu alipoucheza tena, alikunywa chai nyumba baada ya nyumba, akasahau joka alilotumwa kuua.

"Huu si wa ile programu," akasema. "Nani amekutengenezea?"

Nikamwonyesha nywele za shujaa, zilezile zilizosimama kama miiba.