Azola Katika Birika la Shangazi

Siku ya kwanza niliporipoti kituoni, katika bonde la mpunga katikati ya Unguja, nilivaa suruali iliyopigwa pasi nikabeba diploma yangu ndani ya bahasha. Nilikuwa nimerejea kutoka ng'ambo, nilikosoma kwa jasho langu mwenyewe: mchana darasani, jioni nikiosha vyombo hotelini. Hakuna mjomba aliyenipigia simu kwa mkubwa yeyote. Mkuu wa Kituo alikisoma cheti polepole, akakirejesha.

"Kwa hiyo umekwenda ng'ambo kusomea utando wa dimbwi."

"Azola, mkuu. Utando ni kitu chengine."

"Haya. Kavue hiyo suruali, hapa kazi ni ya matopeni."

Kwa nyinyi vijana wa ugani, azola ni mmea mdogo unaoelea, majani yake kama magamba ya samaki, mizizi ikining'inia majini bila kugusa udongo. Ndani ya majani hayo huishi vijidudu vinavyovuta naitrojeni hewani, chakula kile kile tunachokitafuta katika gunia la mbolea. Ukiifukia topeni wakati wa kuburuga, yaani kuuvuruga udongo na maji kabla ya kupandikiza, mpunga utakula ushibe. Bata na kuku nao huila mbichi, imechanganywa na pumba. Kitalu chake ni shimo fupi lililotandikwa turubai, udongo uliochekechwa, samadi kidogo, maji ya kina cha kiganja na kivuli cha makuti. Ikishafunika maji, vuna nusu uache nusu, la sivyo itasongamana ioze. Pale kituoni hayo yote niliyafundisha mimi.

Lakini azola hatuiweki koponi kusubiri msimu. Mbegu yake ni yenyewe, ikiwa hai. Ikifa yote, umekwisha.

Mwaka wa pili tulipata mkulima wa kuijaribu, Bi Mkasi, mjane ambaye mpunga wake ulikuwa ukipiga umanjano kila msimu. Alikuwa na jaruba moja tu, na ndilo lililolisha nyumba yake. Kwa kuniamini, alimwachia jirani mbolea yake ya mgao. Kisha kaskazi ikaja kali, pampu ya kituo ikaharibika, vitalu vikaanza kukauka.

"Iache ife," alisema Mkuu wa Kituo. "Mwakani tutaagiza nyengine."

"Na Bi Mkasi?"

"Bi Mkasi hatokuwa wa kwanza kula muhogo."

Nilijaza ndoo mbili, nikazifunga kwenye vespa, nikaenda Mji Mkongwe kwa shangazi yangu Bi Zuwena, aliyenilea. Uani kwake palikuwa na birika la mawe la kutawadhia, na jua halikulifikia kutwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mboga gani hiyo?"

"Si mboga. Ni chakula cha bata na mbolea ya mpunga."

"Humu ndani umeona bata? Umeona mpunga?"

"Nimeona kivuli na maji."

Nilimweleza habari za Bi Mkasi. Alilitazama birika.

"Na mimi ntatawadha wapi, na mguu huu?"

"Ntakujazia mitungi kila alfajiri, kabla sijenda kazini."

"Mwenye diploma mchota maji," alisema. "Haya, itie."

Baada ya siku chache azola ikageuka nyekundu. Wekundu ndani ya kivuli ni njaa: maji ya mfereji, yaani ya bomba, ni safi mno, hayana fosforasi. Nikaleta kopo la samadi. Bi Zuwena alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Samadi ni najisi. Birika hili alitawadha babu yako. Haiingii."

"Itakufa, shangazi."

"Basi itakufa twahara. Hicho cheti chako hakijui chakula chengine?"

Kilijua. Fosforasi imo katika mifupa, na mjini mifupa ya samaki haikosekani. Niliichoma juu ya seredani mpaka ikawa myeupe, nikaleta na udongo safi wa bondeni. Bi Zuwena aliketi kibarazani akaitwanga mwenyewe kwenye kinu, hakutaka nimsaidie. Jirani walimuuliza anatwanga nini. Akawajibu anatwanga wali. Tukautia unga ule na udongo birikani, na ukijani ulirudi taratibu, kuanzia pembeni.

Masika yalipoanguka nilipeleka magunia ya azola bondeni. Bi Mkasi aliifukia azola kwa miguu yake, na mpunga wake ukatoka kijani kizito. Mkuu wa Kituo alikuja akasimama kwenye tuta, akatazama, akaondoka.

Bi Zuwena hakuula wali ule. Alifariki mpunga ukiwa unachanua. Siku ya arubaini Bi Mkasi alifika mjini na pakacha la mchele mpya, mchele wa hitima. Hawakuwahi kuonana. Aliomba aonyeshwe birika, akasimama mbele yake, akasoma fatiha.

Sasa nimestaafu. Vyeti vyangu vimetundikwa sebuleni, na sioni haya mgeni akivisoma. Azola iliyomo leo katika mabonde yetu mengi ni kizazi cha ndoo zile mbili. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli. Vijana huja kwangu kuchukua mbegu, na wote huanza kwa kuuliza samadi itiwe kiasi gani. Huwaambia waulize kwanza maji hayo ni ya nani.