Maji ya Kisima Ndani ya Chupa

Kutoka Pajulu hadi mpakani Vurra hakuna anayepaka rangi kipande cha nyama ya mwili kama mimi. Nasema bila aibu. Diploma yangu niliilipia kwa kubeba matofali Nairobi, kisha nikarudi Arua na ufundi wangu. Nikipaka mimi, msuli hutoka mwekundu, nyuzi zinazoushikilia hutoka buluu, na chini ya darubini saratani haina pa kujificha.

Ndiyo maana chupa ile iliniudhi.

Aliileta binti wa askari mstaafu wa Koboko, mzee aliyekuwa akikojoa damu. Daktari alimkwangua uvimbe kwenye kibofu, akatia vipande kwenye chupa ya dawa, akataka kujua jambo moja: saratani imeingia kwenye msuli mnene wa kibofu, au bado iko juu juu? Ikiwa juu juu, kibofu kingeoshwa kwa dawa na kubaki. Ikiwa imeingia, kingetolewa, na mzee angevaa mfuko wa mkojo tumboni maisha yake yote. Kisu hakukiogopa. Aliogopa kusimama kwenye swala na mfuko ule.

Nilifungua chupa. Formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, huchoma macho. Hii ilinuka uvundo.

"Dawa iko wapi?"

"Tulimwaga, daktari. Ile iko dawa ya maiti, wanaweka kwa mochwari. Wazee nyumbani walikataa. Baba iko mzima, nyama yake italala kwa dawa ya maiti namna gani? Tuliweka maji ya kisima, safi kabisa."

Safi kabisa! Nyama ilikuwa imeoza.

Nilikata, nikapaka, nikarudia. Kwenye darubini ulionekana uji wa rangi. Vinyuzi vichache vyekundu vilikuwepo, lakini vinyuzi vyembamba vya msuli hupatikana hata karibu na utando wa juu, na hivyo havithibitishi chochote. Daktari anayesoma vioo aliinama, akainuka.

"Siwezi kusema."

Rangi zangu mimi, na mtu anasema hawezi kusema!

Nilipowaambia akwanguliwe tena, mzee alikuja mwenyewe.

"Kijana, umesoma mpaka Nairobi, maji ya kisima yamekushinda?"

"Walionishinda ni wazee wenu, Mzee."

"Wale hawana diploma. Wewe iko nayo."

Safari ya pili nilikwenda Koboko mwenyewe, nikasimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji mpaka nikakabidhiwa chupa, nikaipakata njia nzima hadi Arua. Msuli ulitoka mwekundu kama tofali lililochomwa vizuri, mafungu kwa mafungu, mnene. Na katikati ya mafungu hayo saratani ilikuwa imejipenyeza kama mchwa ukutani. Sijawahi kupaka kioo kizuri kuliko kile, na sikuwa na hamu ya kumwonyesha mtu.

Binti alisikiliza majibu, kisha akauliza:

"Ile mara ya kwanza, ilikuwa imeingia tayari?"

Nilimtazama. Jibu la hilo ndilo lililomwagwa pamoja na dawa.

"Sijui," nikamwambia. Neno hilo silipendi.