Udi Kabla ya Hotuba

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikimwachia binamu yangu Khamis, ataitia chumvi ya bahari nzima.

Nilirudi Maskati na diploma ya historia kutoka Uingereza (niliisomea huku nikiosha masufuria ya watu, sikubebwa na mtu), nikapeleka posa kwa Ami Nassor, babake Salma. Akanambia, "Wachumba wenye magari nnao. Wewe wasema una elimu. Basi zungumza mbele ya wazee, nikusikie."

Nikachagua maisha ya bwana mmoja wa Kiingereza wa karne ya kumi na nane, mwenye mashamba na mbwa wa kuwindia mbweha, aliyeingia bungeni. Mtu mwingine angevaa kanzu yake akasema. Mimi, kwa kujiona, nikamshonesha fundi wa Darsait koti refu, nikavuta soksi nyeupe hadi magotini, na kichwani nikatia nywele za bandia za manyoya ya mbuzi, kama mabwana wale.

Siku ikafika, ukumbi wa Ghubra umejaa, kiyoyozi kimeshindwa, jasho likanitoka, manyoya yakalowa, yakaanza kunuka beberu, beberu hasa, mpaka wazee wa mbele wakawa wanakagua nyayo za viatu vyao. Nikamnong'oneza Khamis, "Lete chetezo, ufukize udi!"

"Saa hizi?"

"We lete tu!"

Hapo ndipo Uingereza iliponiponza. Chetezo kikapita, kila mzee akajifukiza ndevu na kanzu, akaniombea kheri, akainuka, akatoka. Kwetu udi ukishapita mgeni haketi tena, ndiyo kwaheri yenyewe, nami nilikuwa nimewaaga wote kabla sijafungua mdomo! Ami Nassor akatoka wa mwisho.

"Hotuba fupi," akasema, "mashallah."

Nikaona Salma ananiponyoka hivi hivi. Nikawakimbilia nje na soksi zangu, magari yanawashwa, nikamkumbuka bwana wangu: alipoomba kura alipanda juu ya mkokoteni, wakamrushia mayai mabovu, naye akasema mpaka wakamchagua. Nikapanda nyuma ya pikapu ya Khamis, nywele zimekaa upande.

"Wazee wangu! Bwana huyu alirushiwa mayai akaendelea. Nyinyi mmenipa migongo tu, mimi ninyamaze?"

Ami Nassor akashusha kioo. "Na hilo beberu kichwani, lako?"

"La mahari, Ami!"

Kicheko kikalipuka, injini moja ikazimwa, kisha zote. Nikazungumza mpaka adhana ya magharibi, na hakuondoka mtu (muulizeni Khamis, japo itamuuma kusema). Ami akanishika mkono. "Salma nakupa. Beberu hatumtaki."

Tangu hapo kichwani nnavaa nywele zangu, hizi chache zilizobaki, na udi siuiti kabla ya maneno kwisha. Lakini chetezo cha nyumbani anakishika Salma, na kila nikianza kuwasimulia wageni habari za diploma yangu, naona moshi unakuja.