Kompyuta Isiyozimwa na Friji ya Chanjo

Siku yangu ya kwanza kazini, Ndhiwa, nilikabidhiwa kalamu mbili na rejista nene, yaani daftari la majina ya wagonjwa, nikaambiwa mwandiko mbaya nao ni ugonjwa. Kazi ya karani wa rekodi ilikuwa hiyo. Jioni unafunga daftari, unafunga mlango, unaenda zako. Daftari likishafungwa halili kitu.

Kompyuta nilikutana nayo baadaye, nilipohamishiwa zahanati ya kisiwa kimoja mbele ya Sindo. Jina la kisiwa niliache. Kompyuta ililetwa kwa boti, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Umeme wetu ulikuwa wa jua: paneli juu ya mabati, betri nne, na inveta, kile kisanduku kinachobadilisha moto wa betri uweze kuendesha vyombo. Betri hizo hizo ziliwasha taa na friji ya chanjo.

Msimamizi wa zahanati aliiwasha mwenyewe, akaweka neno la siri ambalo hakumwambia mtu. Naye kila wiki alikuwa mikutanoni Homa Bay.

"Wewe karani, ukiizima, nani ataifungua?" aliniuliza. "Na ripoti ya mwezi je? Usiguse hiyo swichi!"

Basi hatukuizima. Vijana mtacheka, lakini nasikia hata leo ofisi nyingi ziko hivyo hivyo. Miezi ilipita feni yake ikivuma na vumbi likijaa ndani, na paka wa zahanati akaifanya kitanda kwa lile joto. Betri zikaanza kuchoka kabla ya wakati wake. Fundi aliyetoka Migori kuzikagua alishika kichwa.

"Yawa! Hii kitu inakula moto hata kama hakuna mtu ameketi hapo. Izimeni!"

Nilimjibu kwamba sina ruhusa.

Kisha ikaja wiki ya mawingu. Ijumaa jioni taa nyekundu ya inveta iliwaka, maana yake betri zinaisha. Msimamizi alikuwa Homa Bay, simu yake haipatikani. Nilisimama mbele ya ile mashine, kidole kwenye swichi, nikaogopa. Nikazima taa za vyumba vyote, kompyuta nikaiacha, nikaenda nyumbani nikijiona nimefanya la maana.

Jumatatu nilikuta friji ina vuguvugu. Chanjo hukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Kipimajoto kilikuwa kimepita ishirini. Zote zilikuwa za kutupwa. Nje akina mama walikuwa wameshapanga foleni, wa kwanza Mama Akinyi, mke wa mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, na binti yake wa miezi tisa aliyeletwa kudungwa sindano ya surua.

"Jua halikutosha, mama," nilimwambia. "Rudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo? Omena wamehama, daktari. Kesho tunavuka kwenda kisiwa cha Remba."

Kwao kila mtu wa zahanati ni daktari. Akaondoka. Msimamizi aliporudi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kompyuta iko sawa?" Jua lilikuwa limetoka, aliiwasha, akaandika neno lake la siri, na ripoti zote zilikuwepo. Haikupotea hata herufi moja. Akinyi alipata surua kabla hajapata chanjo kwingine. Alipona, ila jicho la kushoto halikuona tena.

Tangu hapo nilizima. Nilipohamishiwa Homa Bay nikaitwa mkaidi, na bado nilizima. Wakanipa jina, Bwana Swichi. Hewala.

Sasa nimestaafu, naishi Sindo. Mama Akinyi anauza omena sokoni, na miaka yote hii akishajaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia, huniongezea konzi moja juu. "Ya daktari," husema. Juzi nilimkuta na binti yake, sasa msichana mkubwa, ameinamisha kichwa upande akichambua omena kwa jicho moja. Aibu ilinishika.

"Mama Akinyi, siku ile haikuwa jua. Kompyuta iliachwa ikiwaka, ikamaliza moto wa friji. Mimi ndiye niliyeiacha."

Aliniuliza, "Ulijua lini, jaduong'?" Safari hii aliniita mzee, si daktari.

"Siku ile ile."

Alijaza gorogoro, akapitisha kiganja juu yake mpaka omena wakawa sawasawa na ukingo, akanimiminia. Nilimlipa, nikashika njia.